Barawa Inazungumza kwenye Simu



Leo nataka tuzungumze juu ya Chimwini, lugha ya mji wa Barawa. Kama umelelewa kwa Kiswahili, siku utakapomsikia mtu akisema Chimwini utageuka umtazame, maana sauti yake ni ya nyumbani. Maneno ya mwanzo utayashika. Baadaye yatakupita, na utabaki kubahatisha. Sisi tukisema mama amepika, yeye atasema mama pishile. Kiishio hicho cha -ile waliosoma tenzi za kale za kaskazini mwa pwani yetu wamekutana nacho, na Wayao na Wanyamwezi wanacho hadi leo katika lugha zao. Kiswahili cha maongezi ya kila siku kilikiacha zamani. Wabarawa hawakukiacha.

Barawa ni mji wa kale wa pwani ya Benadir, kusini mwa Mogadishu, katika nchi ambayo leo ni Somalia. Wenyewe wanauita Mwini, na lugha yao wanaiita Chimwini, wengine Chimini, wengine Chimbalazi. Mwaka 1507 Wareno waliuvamia mji huo wakauchoma, na ukajengwa tena. Baadaye ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, hadi bandari za Benadir zilipokodishwa kwa Waitaliano mwaka 1892. Watu wake walikuwa wafumaji wa nguo, washonaji wa viatu vya ngozi, mabaharia, wafanyabiashara na wanazuoni. Kofia ya Kibarawa ilivaliwa mbali sana na Barawa. Na kama babu yako alikuwa mtu wa dhikri ya Kadiria, huko Zanzibar au Tanganyika, basi huenda silsila yake ilipitia kwa Sheikh Uways al-Barawi, aliyeuawa mwaka 1909, ambaye wanafunzi wake waliifikisha tariqa hiyo hadi bara.

Nataka nikae kidogo na washairi wa mji huu, kwa sababu wao ndio wanaotufunulia lugha hii ilikuwa na kazi gani. Wabarawa walikuwa na tungo za dini walizoziita steenzi. Mwanazuoni mkubwa Sheikh Qasim Muhyiddin alitunga. Dada Masiti, mwanamke wa ukoo wa Masharifu aliyefariki mwaka 1919 akiwa mkongwe sana, naye alitunga, na kaburi lake mpaka leo linazuriwa. Sheikh Qasim alikijua Kiarabu. Angeweza kutunga kwa Kiarabu tu na kusifiwa na wasomi wenzake. Lakini kwa tungo hizi walichagua Chimwini, kikaandikwa kwa hati za Kiarabu, ili mwanamke aliye nyumbani, mvuvi na mtoto wa chuoni waielewe dini yao bila mkalimani. Kila ninapofikiri juu ya kutetea lugha ya mama, nawakumbuka hao. Hawakuhutubia mtu kwamba Chimwini ni lugha tukufu. Walikipa jambo zito walilokuwa nalo, kikalibeba.

Dola ilipokuja, mambo yalikwenda upande mwingine. Somalia ilipata uhuru mwaka 1960. Mwaka 1972 Kisomali kilipewa hati rasmi ya Kilatini, kikaingia shuleni na ofisini, na hilo lilikuwa jambo jema kwa Wasomali, sina neno nalo. Chimwini kilibaki ndani ya nyumba na misikiti ya mji mmoja. Katiba ya muda ya mwaka 2012 inataja Kisomali cha Maay na cha Maxaa-tiri kuwa lugha rasmi, na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Chimwini hakimo.

Hata hivyo, lugha inaweza kuishi miaka mingi bila kutajwa na katiba yoyote, mradi ina mji. Maafa ya Chimwini ni kwamba kiliupoteza mji.

Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka na vita vikashuka hadi pwani. Wabarawa hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwalinda. Kundi moja la wanamgambo liliingia likapora, likatoka, likaja jingine. Nyumba zilivunjwa milango, wanawake wakadhalilishwa, watu wakauawa. Waliobaki na nguvu ya kuondoka walipanda majahazi na mashua wakaelekea kusini, Mombasa. Wengi walikaa miaka kwenye kambi za wakimbizi za mjini humo, na kambi hizo zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wengine walibaki Mombasa kwa jamaa, wengine walikwenda Uingereza, Marekani na Kanada. Mji ambao watu wake walikuwa wakionana kila siku sokoni na msikitini, katika muda wa chini ya miaka kumi ukawa umetapakaa katika mabara matatu.

Hapa pana jambo ambalo msikilizaji pengine hulijui. Wakimbizi hawa walipofika Ulaya kuomba hifadhi, walihojiwa kwa lugha yao. Maafisa walitaka kujua kama kweli mtu ni wa jamii ndogo za pwani ya Somalia, na kipimo kimoja kikawa ulimi. Je, unasema Chimwini? Je, unasema Kibajuni, lugha ya ndugu zao wa visiwa vya Kismayu? Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi uliochambua hasa suala la kuweza kuzungumza Kibajuni. Fikiria uzito wake. Wengi wa watu hawa hawakuwa na pasi wala cheti cha kuzaliwa. Mikononi mwao walikuwa na maneno waliyofundishwa na mama zao, na maneno hayo yakapimwa mezani. Aliyekuwa nayo, alikuwa na ushahidi.

Leo watoto wa watu hao hao, waliozaliwa London au kwingineko, wengi wao wakiulizwa maswali yale yale wasingeweza kuyajibu. Hilo halinifanyi nimlaumu mzazi aliyefanya kazi za usiku ili kodi ilipwe, akarudi asubuhi na kumkuta mtoto ameshakwenda shule. Lakini linanionyesha jinsi kizazi kimoja tu kinavyotosha kuikata lugha iliyodumu mamia ya miaka.

Ndipo simu ikaingia katika hadithi hii.

Nimesikia watu wengi, tena watu wazima wenye busara, wakisema mitandao ya kijamii inaua lugha zetu. Wanatoa mifano ya vijana wanaofupisha maneno na kuchanganya Kiingereza. Kwa lugha yenye mji wake huenda wana hoja. Kwa lugha iliyotawanywa, mimi nawapinga waziwazi. Mbarawa wa London, wa Mombasa na wa Marekani wasingekutana tena mahali pamoja kama si WhatsApp, Facebook na YouTube. Na wanapokutana humo, wazee kwa wazee, hawasemi Kiingereza.

Yanayopita kwenye makundi ya namna hii yanajulikana na kila mtu mwenye ukoo uliosambaa. Asubuhi kuna salamu na dua. Kuna tanzia, fulani bin fulani amefariki, maziko ni baada ya sala ya alasiri, khitima itasomwa kwa fulani. Kuna picha ya harusi. Kuna mtu ameuliza jina la samaki ambaye mama yake alikuwa akimpika, na wanne wamejibu kwa majina matatu tofauti, wakaanza kubishana. Ijumaa mtu ataweka rekodi ya kaswida au utenzi wa zamani uliosomwa na mzee ambaye sasa ni marehemu, na watu watamwombea rehema. Tangu majeshi ya Umoja wa Afrika na ya Somalia yalipoitwaa Barawa kutoka kwa Al-Shabaab mwezi Oktoba 2014, na picha za mji wenyewe zimekuwa rahisi kupatikana, mawimbi yakipiga mbele ya nyumba za mawe. Walio mbali wanatajiana ile nyumba ilikuwa ya nani.

Tanzia hiyo, msikilizaji, usiidharau. Lugha hukaa kwenye mambo ambayo watu hawawezi kuyaacha. Kuzika, kuoa, kuswali, kula, kugombana. Ukiona kundi la mtandaoni ambalo maneno ya kufiwa yanasemwa kwa lugha ya mama, ujue lugha hiyo bado ina pumzi.

Jambo lililoleta tofauti kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni dogo sana. Mwaka 2013 WhatsApp waliweka kitufe cha kurekodi na kutuma sauti. Kabla ya hapo, bibi ambaye hakusoma hati ya Kilatini, au aliyezoea hati za Kiarabu za chuoni, alikuwa mtazamaji tu kwenye kundi. Wajukuu walimsomea. Tangu siku hiyo anabonyeza, anasema, anaachilia. Ujumbe wake unafika Kanada ukiwa na kikohozi chake na pumzi yake. Kwa Chimwini faida hii ni kubwa maradufu, kwa sababu irabu zake ziko fupi na ndefu na urefu huo hubadili maana ya neno, na namna sauti inavyopanda na kushuka katika sentensi nayo ina kazi yake. Anayeandika haraka kwenye simu huyaacha hayo yote. Sauti haiyaachi. Wataalamu Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh, huyu wa pili mwana wa Barawa mwenyewe, walifanya kazi ya miaka mingi kueleza mambo haya, na mwaka 2004 walichapisha Tokyo msamiati wa Chimwini wenye mifano ya sentensi. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim walitoa kitabu kikubwa cha mashairi ya dini ya Barawa. Vitabu hivyo ni hazina. Lakini mtoto wa miaka saba hajifunzi kwa nyanya yake kupitia kitabu cha maktaba ya chuo kikuu. Anajifunza kwa kumsikia akimwita kwa jina.

Basi kazi ambayo mitandao haijaifanya ni ipi? Ni hiyo ya mtoto. Katika makundi mengi ya ukoo, vijana wamo lakini wako kimya. Kusikia wanasikia, kujibu hawajibu, na wakijibu wanajibu kwa Kiingereza. Wazazi wanaona hayo yanatosha, kwa kuwa kijana anaelewa. Hayatoshi. Anayeelewa bila kusema hatampa mwanawe chochote. Naona wazazi wanatakiwa wawape vijana kazi ndani ya kundi, kazi ambayo bila wao haifanyiki. Bibi aeleze kwa sauti namna ya kupika, mjukuu aandike na arudi kumuuliza neno asilolijua, amuulize kwa Chimwini hata akikosea. Babu ataje majina ya upepo na ya misimu ya bahari, kijana atengeneze video fupi. Vijana wanajua kutengeneza video kuliko sisi wote. Ambacho hawana ni maneno, na maneno yako kwa wazee ambao hatutakuwa nao daima.

Mwezi Juni 2013, kituo cha jumuiya ya Wabarawa kilichoko Muswell Hill, kaskazini mwa London, kiliteketea kwa moto, na herufi za kundi la chuki zikakutwa zimeandikwa ukutani. Ni mahali ambapo watu hao walikuwa wamejikusanya upya baada ya kupoteza mji. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema, mbona msijenge vituo na shule, mbona mnategemea simu. Vituo vinahitajika sana, na simu haiwezi kushika nafasi ya chumba chenye watoto ishirini na mwalimu. Lakini jamii ndogo ugenini haina uhakika na jengo lake, na inapaswa kuwa na njia zaidi ya moja.

Simu nayo haina amana. Sauti ya bibi inayokaa kwenye kundi leo, kesho simu imeanguka majini, au kijana amefuta ili apate nafasi ya picha. Kampuni inayomiliki mtandao haikuahidi kumtunzia mtu urithi wake. Kwa hiyo rekodi zinazofaa zitolewe humo, ziwekwe kwingine, tena si mahali pamoja tu, na kila moja iandikwe nani anasema, wapi, mwaka gani, na anazungumzia nini. Na aulizwe kwanza kama anaridhia. Maneno ya msibani na siri za nyumba si vitu vya kutupwa hadharani, hata kwa jina la kuhifadhi lugha.

Pia kuna hili la tahajia. Nimetaja majina matatu ya lugha hii, na hata Chimwini peke yake huandikwa kwa irabu moja, kwa mbili, au kwa nukta pacha kama wafanyavyo wataalamu. Anayetafuta video kwa tahajia moja hazioni zilizowekwa kwa nyingine. Simu nayo inamsahihisha mwandishi, inamgeuzia neno lake liwe la Kiingereza. Hakuna haja ya kungoja kamati ikubaliane ndipo watu waandike. Kila anayeweka kitu mtandaoni ayaandike majina yote ya lugha chini yake, basi. Mfano tunao: mwaka 1989, huko Nzérékoré nchini Guinea, ndugu wawili vijana, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walianza kuibunia lugha yao ya Kifulani hati ya peke yake. Walifundisha watu sokoni, watu wakafundishana, na hati hiyo, Adlam, iliingia kwenye mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta mwaka 2016. Walianza wakiwa wavulana, bila wizara nyuma yao. Wabarawa hawahitaji hata kubuni hati. Wanazo mbili tayari, ya Kiarabu iliyoandikiwa tungo za Dada Masiti na Sheikh Qasim, na ya Kilatini.

Sasa nije kwetu, sisi wa Kiswahili, kwa sababu nina jambo la kusema nasi.

Kiswahili chetu kina nguvu. Unesco inakadiria wasemaji wake kuwa zaidi ya milioni 200, na mwezi Novemba 2021 ilitangaza Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini kijana wa Kibarawa anapoweka video fupi akizungumza lugha ya mama yake, angalia maoni yanayofuata chini. Wasomali wengine wanamwambia huyu si Msomali. Na sisi, jamaa zake wa damu ya lugha, tunamwekea vicheko na kuuliza, Kiswahili gani hiki? Anasahihishwa neno kwa neno, kana kwamba alikuwa akijaribu kusema Kiswahili akashindwa. Wataalamu wengi huipanga lugha yake pamoja na lahaja za kaskazini za Kiswahili, na wengine wanaiona lugha dada iliyosimama peke yake. Wenyewe, kwa jinsi ninavyowasikia, wengi wanasema ni lugha yao na si lahaja ya mtu. Mimi nawasikiliza wenyewe.

Tabia hii ya kusahihisha ina historia. Kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, ikakijenga Kiswahili sanifu juu ya msingi wa Kiunguja cha mjini. Tulipata vitabu, magazeti na shule, na bila usanifishaji huo mimi nisingeeleweka Kigoma na Lamu kwa wakati mmoja. Pamoja na faida hiyo tulirithi mazoea ya kumwona asemaye Kimakunduchi, Kitumbatu, Kimtang'ata au Kingwana cha Kongo kuwa ni mtu aliyekosea. Mzee wa Makunduchi akija mjini hubadili maneno ili asichekwe. Wajukuu wake wanamwona akibadili, nao wanajifunza kwamba maneno ya nyumbani ni ya kufichwa. Kicheko kile, msikilizaji, kimenyamazisha watu wengi kuliko sheria yoyote iliyopigwa muhuri. Na mtandaoni kicheko kina mbio, kinamfikia kijana peke yake chumbani, kutoka kwa watu mia ambao hawajui hata Barawa iko wapi.

Kijana huyo hufuta video. Nyingine anaiweka kwa Kiingereza, na watu wanampongeza.

Kwa hiyo maombi yangu leo ni mawili. Wewe Mbarawa, Mbajuni, mtu wa Makunduchi, au yeyote ambaye lugha ya nyumbani kwenu ni ndogo na watu wenu wametawanyika: wiki hii mpigie mzee wenu mmoja, muombe ruhusa, umrekodi akisimulia jambo analolipenda, kisha mpe mtoto wako asikilize na amjibu mzee huyo kwa sauti yake mwenyewe. Na wewe mwenzangu wa Kiswahili sanifu, ukikutana na kijana mtandaoni anayesema lugha ya mama yake, usimsahihishe na usimcheke. Muulize swali juu ya alichokisema, ili apate sababu ya kusema tena.